Ugumu wa Mashine Aubebe Nani?

Kuna neno ambalo sisi watu wa magazeti tumelizoea mno, nalo ni hili: mkulima ni mzito wa kupokea mambo mapya. Ikiletwa mbegu akachelewa kuipanda, lawama ni yake. Ukiletwa mtambo ukaachwa ushike kutu ghalani, lawama ni yake vilevile. Hatuulizi kile kilicholetwa kilikuwa na mafundo mangapi, wala hatuulizi ni nani aliyetakiwa kuyafungua. Nimezunguka siku kadhaa katika nchi ya chai, kutoka Kericho mjini hadi Litein na Kapkatet, kisha nikaingia upande wa Bomet mpaka Mogogosiek, na niliyoyaona huko yamenithibitishia kwamba lawama hiyo mara nyingi hupelekwa mlango usio wake.

Nchi yenyewe, ndugu msomaji, yapendeza. Mji wa Kericho uko kiasi cha mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Asubuhi jua huwaka vizuri juu ya chai iliyokatwa sawasawa kama zulia, na alasiri mbingu hufunga ghafla ikashusha mvua, pengine ya mawe. Mtu wa pwani hana budi kuazima koti. Lakini mimi sikwenda kutazama vilima. Nilikwenda na swali moja: kwa nini watu wa huko wamepokea mambo mapya kadhaa kwa mikono miwili, na mengine wakayakataa, mengine hata wakayatia moto?

Swali hili lina wenyewe. Mwaka wa 1962 mtaalamu wa Marekani, Everett Rogers, alitoa kitabu juu ya namna mambo mapya yanavyoenea katika watu. Alikuwa mtoto wa mkulima wa jimbo la Iowa. Baba yake alipenda sana mitambo, lakini mahindi ya mbegu chotara aliyakataa kwa miaka, hata ukame wa mwaka wa 1936 ulipoyanyausha mahindi yake huku ya jirani yamesimama. Mwanawe alipokua akajiuliza: imekuwaje mtu yuleyule apokee hili na akatae lile?

Rogers alitaja mambo matano yanayoamua. La kwanza ni faida ya kitu kipya kushinda cha zamani. La pili ni kupatana kwake na desturi na haja za watu. La tatu ni ugumu wake. La nne, kama chaweza kujaribiwa kidogo kidogo. La tano, kama matokeo yake yaonekana kwa macho. Katika hayo, ugumu ndio unaokwenda kinyume na wenzake: yale manne yakizidi watu huharakisha, ugumu ukizidi watu hukawia. Tena ugumu anaousema si ule aupimao fundi karakanani. Ni ule auonao mtu anayetakiwa kukitumia.

Hayo ni kweli, lakini Kericho imenifunza kuongeza neno. Ugumu haupotei. Kitu kikiwa chepesi mkononi mwako, basi yuko mwingine aliyeuchukua mzigo wake. La kuuliza ni nani huyo, na kama aliulizwa kabla ya kutwishwa.

ZAO LILILOSEMWA KUWA GUMU

Chai ilipandwa Kenya mara ya kwanza mwaka wa 1903 huko Limuru. Katika miaka ya 1920 kampuni za Brooke Bond na James Finlay zikafungua mashamba makubwa ya Kericho. Mwafrika aliruhusiwa kuchuma, hakuruhusiwa kupanda. Sababu zilizotolewa zilikuwa nyingi, na moja ilikuwa hii ya ugumu: ati chai ni zao la shamba kubwa, lataka kiwanda karibu na wachumaji wenye nidhamu, na mwenye ekari moja hatalimudu bali ataiharibia chai ya Kenya jina lake sokoni. Mlango haukufunguliwa mpaka miaka ya 1950, tena kidogo kidogo, kuanzia Nyeri.

Tuseme haki: ugumu wenyewe haukuwa wa kubuni. Jani la chai likishachumwa huanza kubadilika saa ileile. Likishindiliwa guniani na kucheleweshwa njiani hupata joto, likafika kiwandani limekwisha kuharibika. Kiwanda hakijengwi na mtu mmoja mwenye jembe. Mche nao hukaa kiasi cha miaka mitatu kabla ya kuanza kulipa. Uongo ulikuwa katika lile hitimisho, kwamba kwa kuwa kazi ni ngumu, basi mtu mdogo hawezi.

Jawabu lilikuja mwaka wa 1960, ilipoundwa mamlaka ya kustawisha mazao maalumu, ambayo mwaka wa 1964 ikawa KTDA. Hawa hawakumpa mkulima ugumu wote kwa mara moja. Waliugawa. Miche, mbolea ya mkopo, maafisa wa kupita mashambani, malori, viwanda na soko vikachukuliwa na shirika, kwa msaada wa mikopo ya Benki ya Dunia na ya CDC ya Uingereza. Mkulima akaachiwa yale ayawezayo na familia yake: kupanda, kupalilia, kupogoa, kuchuma majani mawili na chipukizi, na kuyafikisha kituoni siku ileile.

Hayo majani mawili na chipukizi, msomaji, ni kanuni ambayo mtoto aweza kuishika kwa siku moja. Nyuma yake kuna kemia ya kuwashughulisha madaktari, lakini kemia hiyo haikupelekwa shambani. Kilichopelekwa ni maneno manne.

Hali ni hiyohiyo katika miche. Zamani chai ilipandwa kwa mbegu, na kila mche ukatoka na tabia yake. Taasisi ya utafiti wa chai ya Kericho, iliyoanza mwaka wa 1951, ilishughulika kuchagua miti mama bora, na njia ya vipandikizi ikaenea kwa wakulima. Hukatwa kijiti chenye jani moja, kikachomekwa katika kifuko cha nailoni chenye udongo, kikafunikwa kisipigwe na jua wala kisikauke. Kumchagua mama ni kazi ya miaka mingi. Kumzalisha ni kazi ya kuonwa mara moja. Mzee mmoja karibu na Litein alinionyesha kitalu chake nyuma ya jiko, vifuko vimepangwa safu kwa safu chini ya kivuli. Nikamsifu kwa utaalamu. Akacheka. "Hii haitaki shule, mzee mwenzangu," akasema. "Ukiona jirani akifanya, na wewe unafanya."

Maneno yake yalinipeleka chuoni. Mwalimu wetu hakutupa msahafu siku ya kwanza. Tulianza alifu kwa kijiti, tukapita irabu, tukaunganisha herufi mbili, kisha tatu, mpaka tukazifikia sura fupi za Juzuu Amma, na mtoto wa miaka saba akajikuta anasoma lugha isiyo ya mamaye. Kiarabu hakikupungua ugumu hata chembe. Kilikatwa vipande vinavyoenea kinywani mwa mtoto, na aliyekuwa na kazi ya kukikata ni mwalimu. Ndivyo ilivyofanywa kwa chai. Leo wakulima wadogo walio chini ya KTDA, ambayo tangu mwaka wa 2000 ni kampuni ya wakulima wenyewe, wamepita laki tano, na zaidi ya nusu ya chai ya Kenya hutoka mashambani mwa wadogo hao walioambiwa hawawezi.

MIZANI

Katika lugha yetu neno mizani lina kazi mbili. Ni chombo cha kupimia uzito, na ni hesabu ya silabi katika shairi. Malenga akipunguza mizani, wasikilizaji humjua papo hapo kwa sikio. Mkulima wa chai naye kwa miaka mingi aliijua mizani yake kwa jicho: ilikuwa ya kuning'inia, ina uso wa mviringo kama saa, gunia likitundikwa mshale unatembea, karani anasoma, anaandika kitabuni. Haikuwa na fumbo. Lakini urahisi ule ulikuwa na matundu yake. Karani aweza kusoma pungufu, au kuandika pungufu, au kitabu kikalowa mvua.

Katika miaka ya 2000 KTDA ikaanza kuleta mizani ya elektroniki. Nilisimama katika kituo kimoja cha kuuzia majani, kibanda cha mbao chenye paa la mabati, akina mama na vijana wamepanga foleni na magunia yao. Mtu hutoa kadi yenye nambari yake. Gunia likatundikwa, tarakimu zikawaka, na kijikaratasi cha stakabadhi kikatoka. Kilo zikasafiri hadi kwenye kompyuta za kiwanda bila mkono wa mtu kuzinakili. Hakuna mkulima aliyeketishwa darasani kwa ajili ya hayo. Ugumu wote umefungiwa ndani ya kile chombo na katika mafunzo ya karani, na kwa mkulima imebaki kazi ya kutoa kadi na kupokea karatasi. Kadhalika simu ya kutumiana pesa, iliyoanza mwaka wa 2007 kwa jina la M-Pesa, ilienea vijijini upesi kwa kuwa asiyejua kubonyeza alimkuta wakala dukani wa kumwelekeza.

Hata hivyo ugumu uliofichwa huzaa shaka. Mama mmoja aliyekuwa akikunja stakabadhi yake aliniambia, "Ile ya zamani karani akipunguza nilikuwa naona. Hii ikipunguza nitajuaje?" Kisha akanionyesha dawa yake: kimizani kidogo cha mkono alichokinunua sokoni. Hupima nyumbani kwanza, akaja kituoni akilinganisha. Mtu mwingine angemwita mama huyu mshamba anayeogopa elektroniki. Mimi namwona ndiye aliyeielewa kuliko sote, maana amedai haki ya kuhakikisha.

Shaka kubwa zaidi iko mbele, kwenye bonasi. Kila mwezi mkulima hulipwa kiasi kwa kila kilo, na mwaka wa hesabu ukiisha hupewa malipo ya pili. Hayo hutegemea bei ya mnadani, thamani ya dola, na gharama za kiwanda chake. Wakulima wa magharibi ya Bonde la Ufa wamelalamika mara kwa mara kwamba bonasi yao ni ndogo kuliko ya wenzao wa upande wa Mlima Kenya. Sababu za tofauti hiyo huelezwa, lakini huelezwa kwa lugha ya wahasibu. Mkulima anazijua kilo zake moja moja. Asichokijua ni ile hesabu iliyozigeuza kilo kuwa shilingi. Hapo shirika limeubeba ugumu, sawa, lakini limeubeba ndani ya sanduku lililofungwa, na mtu hawezi kuamini milele asichoonyeshwa.

CHAI YA ZAMBARAU

Mfano wa mzigo uliotuliwa njiani ni chai ya zambarau. Mwaka wa 2011 watafiti wa Kericho walitoa mche mpya, TRFK 306, ambao majani yake machanga yana rangi ya zambarau. Ulisifiwa kwa afya ya mnywaji na kwa bei iliyotarajiwa. Kuupanda hakukuwa na jipya, ni kijiti kilekile katika kifuko kilekile, na wakulima kadhaa wakaupanda.

Ugumu ulikuwa mbele. Jani la zambarau likitaka kuuzwa kwa jina lake, sharti lichukuliwe peke yake, lisindikwe peke yake na litafutiwe mnunuzi wake. Viwanda vilivyojiandaa kufanya hivyo vilikuwa vichache. Basi wengi wakajikuta wanamwaga jani la zambarau pamoja na la kijani, kwa bei ya kijani. Kama mtu aking'oa mche huo, tutasema amekataa maendeleo? Yeye alifanya kila kilichokuwa upande wake. Waliolegea ni waliokuwa upande wa pili wa kamba.

HATA WENYE TAI

Wala tusidhani kukawia ni tabia ya wenye jembe. Chai ya Kericho na Bomet hushuka hadi kwetu Mombasa kuuzwa. Mnada ulianza Nairobi mwaka wa 1956, ukahamishiwa Mombasa mwaka wa 1969, na kwa miaka zaidi ya hamsini uliendeshwa kwa mdomo na nyundo. Mwuzaji anataja fungu, wanunuzi wanapaza sauti, nyundo inagonga meza. Waliokaa humo ni watu wasomi, wenye tai na kompyuta mezani, wanaoonja chai kwa kijiko na kukwambia imetoka kiwanda gani. Habari ya kuuhamishia mnada kwenye kompyuta ilizungumzwa miaka mingi ikizungushwa. Mwaka wa 2020 ugonjwa wa korona ulipowakataza watu kukaa chumba kimoja, ndipo nyundo ilipowekwa chini.

Hakuna aliyewaita watu hao washamba. Ilieleweka kwamba mnada wa mdomo una mambo mengi ambayo mashine haiyaoni: uso wa mnunuzi, kusita kwake, mazoea ya miaka. Heshima hiyohiyo naiombea mkulima wa Mogogosiek anaposita.

MASHINE INAYOCHUMA

Turudi kwenye vilima, kwenye jambo linalouma kuliko yote. Mashine ya kuchuma chai si ngumu kuielewa. Ile ya kawaida hushikwa na watu wawili, mmoja upande huu wa mstari na mwingine ule. Injini ndogo ya petroli huendesha kisu, na upepo huyasukuma majani hadi katika mfuko mrefu ulio nyuma. Kijana hujifunza kuitumia kwa siku chache. Kwa kipimo cha ugumu peke yake, ingalipaswa kuenea kila mahali.

Lakini imeenea katika mashamba makubwa ya kampuni, na kwa wakulima wadogo haikushika mizizi hivyo. Sababu si akili za watu. Shamba la kampuni lina mistari iliyonyooka na vichaka vya kimo kimoja, lina karakana, mafundi na petroli, na kiwanda chake mwenyewe kiko tayari kulipokea jani hilo. Shamba la mkulima mdogo liko mteremkoni, lina chai ya mbegu ya baba na ya vipandikizi vya mwana, kila kichaka na kimo chake. Kisu hakichagui, hukata jani changa na gumu pamoja na vijiti, na KTDA kwa miaka mingi imesisitiza jani lililochumwa kwa mkono. Mashine ni ileile moja, ng'ambo hii ya ua ni nyepesi, ng'ambo ile ni nzito. Ndiyo maana nasema ugumu haukai ndani ya chuma peke yake. Hukaa pale chuma kinapokutana na ardhi, na soko, na mifuko ya watu.

Huko kwenye mashamba makubwa nako mzigo umekwenda wapi? Umemwangukia mchumaji. Mwezi wa Oktoba 2010 chama cha wafanyakazi wa mashamba kiligoma kupinga mashine hizi. Mwezi wa Mei 2023 mashine zilichomwa moto Kericho, na katika vurugu hizo mtu akapoteza maisha. Jopo lililoundwa na serikali ya kaunti ya Kericho lilitaja kazi 30,000 zilizopotea kwa sababu ya mashine katika muda wa miaka kumi. Kampuni nazo zina maneno yao: kwamba gharama za wafanyakazi zimepanda na bei ya mnadani haikupanda nazo.

Sitetei moto. Moto haujui mwenye haki, na aliyefariki hatarudi. Lakini yule anayesema watu wale walichoma kwa ujinga, kwamba hawakuielewa teknolojia, huyo amekosea. Waliielewa vizuri sana. Huko Kapkatet nilizungumza na mama mmoja aliyechuma miaka mingi na sasa anauza mboga sokoni. Alinieleza jinsi wachumaji wanavyolaza fito juu ya vichaka ili wajue usawa, wasichume chini ya fito. Jinsi vidole vinavyojua jani la kuchukua kabla ya jicho kufika. Na jinsi alivyoona, siku ya kwanza mashine ilipopita mstari mmoja, kwamba mistari mingine yote ilikuwa imekwisha kupata mwenyewe. "Mashine yenyewe ni rahisi," akasema. "Ugumu ni hapa nyumbani." Akanionyesha watoto wawili waliokuwa wakimsaidia kufunga mafungu ya sukuma wiki.

Hapo ndipo ninapoirudia ile kazi ya mwaka wa 1960. Waliokuwa wakileta chai kwa wakulima wadogo waliketi kwanza wakahesabu mizigo: huu wa nani, na ule wa nani, na asiyeuweza tumsaidieje. Mashine ya kuchuma ilipoletwa, walihesabu kilo na petroli. Mzigo wa mchumaji haukuandikwa popote, kwa hiyo ulibaki kwake. Palikuwa na mengi ya kupanga kabla ya injini kuwashwa: nani ataondoka kwa hiari na kwa malipo gani, nani atafunzwa kazi ya ufundi, mistari mingapi itaachiwa mkono. Mengine yamejadiliwa baadaye, kwenye meza za mapatano na mahakamani, wakati watu wamekwisha kuumizana.

Mashine zaidi zitakuja, hilo halina shaka, na nyingine zitakuwa nyepesi kuliko hizi. Zitabonyezwa kwa kidole kimoja. Akija mtu na chombo chake akatuambia ni rahisi, tusimfukuze, wala tusimpigie makofi kwa haraka. Tumkaribishe, tummiminie kikombe cha chai ya maziwa kama wanavyofanya watu wa Bomet, na akishakunywa tumwombe atuonyeshe mzigo ameuweka wapi.